Tumelipia, Mbona Haifunguki?

Maswali ya wakutubi wa vyuo kuhusu rasilimali za kielektroniki huja kwa sura nyingi, lakini ukiyachuja yanabaki mawili. La kwanza: chuo kina haki ya kusoma jarida fulani, mbona mwanafunzi akilifungua anaambiwa alipe? La pili: linafunguka maktaba, mbona halifunguki hosteli? Anayeuliza huwa ameshajijibu kwamba tatizo ni fedha, na kwamba bajeti ingeongezwa mambo yangenyooka. Mimi naona vingine. Fedha hununua haki ya kusoma, lakini haki hiyo humfikia msomaji kwa kupita mahali pengi, na kila mahali panahitaji mtu wa kupaangalia. Ushahidi mzuri ni Research4Life, mkusanyiko wa machapisho ya kitaaluma ya kielektroniki. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake, ikiwa ni pamoja na vyuo, hupata mkusanyiko huo bure. Ulianza na Hinari ya afya mwaka 2002, ikafuata AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Hapo hakuna ankara, hakuna dola, hakuna mzabuni. Na bado mwanafunzi wa uuguzi anaweza kumaliza miaka mitatu bila kufungua hata makala moja ya Hinari, kwa sababu tu hakuna aliyepewa kazi ya kuhakikisha mlango uko wazi.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya kuomba nyongeza ya bajeti, pitia hatua zinazofuata. Nyingi hazina gharama. Zinataka muda, kumbukumbu zilizoandikwa na mtu anayejulikana kwa jina.

Mteue mtu, kisha fungua daftari

Utasema chuo chenu ni kidogo, wakutubi ni wawili na mmoja yuko likizo. Hiyo ndiyo sababu ya kuteua, maana kazi isiyo na mwenyewe hufanywa na kila mtu siku ya kelele na haifanywi na yeyote siku nyingine. Haihitaji ajira mpya. Inahitaji saa chache kila wiki, barua ya mkuu wa maktaba inayomtaja mhusika na msaidizi wake, na kitengo cha TEHAMA kijulishwe kwamba huyu ndiye wa kuzungumza naye. Wakutubi wengi hudhani kazi hii ni ya TEHAMA tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu wa TEHAMA anajua mtandao, lakini hajui leseni yenu inaisha lini, wala hajui kama mhadhiri wa muda anaruhusiwa kusoma. Mkutubi anajua hayo ila haoni mitambo. Kila mmoja ana nusu ya jibu.

Huyo mteule aanze na daftari. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha. Chuo chenye usajili mwingi kinaweza kutumia CORAL, programu huria iliyoundwa kwa kazi hii. Kwa kila rasilimali andika:

- mchapishaji, na wakala aliyeuza ikiwa ni mwingine
- tarehe ya kuanza na ya kwisha
- njia ya kuingilia: anwani ya IP, nenosiri la chuo, au akaunti ya mtu mmoja mmoja
- ni watu wangapi wanaruhusiwa kusoma kwa wakati mmoja
- kurasa za msimamizi ziko wapi, na zimesajiliwa kwa barua pepe gani
- malalamiko yapelekwe kwa nani

Angalia sana hiyo barua pepe. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kusajili akaunti ya usimamizi kwa barua pepe binafsi ya mkutubi. Akistaafu au akihamia chuo kingine, anaondoka na ufunguo bila kukusudia: arifa za kwisha kwa usajili zinaendelea kumfikia yeye, na mchapishaji anakataa kuzungumza na mtu mwingine yeyote. Tumia anwani ya ofisi ya maktaba ambayo watu wawili wanaisoma. Manenosiri ya usimamizi yasiandikwe ndani ya jedwali hilo; yawekwe pahali pa siri panapojulikana na mteule na mkuu wake.

Anwani ya IP, chimbuko la makosa mengi

Wachapishaji wengi humtambua msomaji kwa anwani ya IP ya mtandao anaotumia. Ombi likitoka kwenye anwani mliyoiandikisha, makala inafunguka; likitoka kwingine, unatokea ukurasa wa malipo. Utaratibu huu ni wa zamani na ni rahisi, nao huharibika kwa njia tatu ambazo kila mkutubi anapaswa kuzifahamu hata kama hajawahi kugusa kebo ya mtandao.

Njia ya kwanza ni kuandikisha anwani isiyo sahihi. Mkutubi anafungua kompyuta ya maktaba, anatazama mipangilio, anakuta namba inayoanza na 192.168 au 10, anaituma kwa mchapishaji. Hizo ni anwani za ndani. Maelfu ya ofisi na nyumba duniani hutumia namba hizohizo, kwa hiyo mchapishaji hawezi kuwatambua ninyi kwa namba hiyo. Anachotaka ni anwani ya umma, ile ambayo mtandao wa chuo huonekana nayo ukitazamwa kutoka nje. Mtu wa TEHAMA anaijua, na kampuni inayowauzia intaneti inaweza kuithibitisha kwa maandishi. Omba anwani zote, maana chuo chenye matawi mawili au chenye njia ya pili ya intaneti kwa ajili ya dharura kina zaidi ya moja. Njia ya dharura ikisahauliwa, siku mtandao mkuu unapokatika kompyuta zitaendelea kufanya kazi vizuri, ila majarida yote yatafungwa, na utashinda kutwa ukimlaumu mchapishaji asiye na kosa.

Njia ya pili ni anwani inayobadilika. Vyuo vinavyotumia modemu za kampuni za simu, au vifurushi vya kawaida vya ofisi, mara nyingi hupewa anwani inayobadilika, na pengine anwani moja hugawiwa wateja wengi wa kampuni hiyo. Ukiandikisha anwani ya namna hiyo, kesho inaweza kuwa ya duka la vifaa vya ujenzi, na mchapishaji akigundua ana haki ya kuifuta. Chuo kinunue anwani ya kudumu. Kama kampuni haiwezi kuitoa, usiandikishe IP kabisa. Nenda kwenye nenosiri au utambulisho wa mtu mmoja mmoja, ambao nitaueleza hapa chini.

Njia ya tatu ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu hutokea baada ya mambo kuwa yamekaa sawa kwa muda mrefu. Chuo kinabadilisha kampuni ya intaneti. Mkataba mpya ni nafuu, kasi ni kubwa, kila mtu anafurahi, na hakuna anayekumbuka kwamba pamoja na kampuni ya zamani zimeondoka anwani zote zilizoandikishwa kwa wachapishaji. Ombeni uongozi uweke sharti moja: mkataba wowote wa intaneti usibadilishwe kabla maktaba haijapewa anwani mpya, angalau wiki tatu mapema. Daftari litawaonyesha wachapishaji wa kuandikiwa. Anwani za zamani ziombwe zifutwe, la sivyo mteja atakayezirithi atasoma kwa jina lenu.

Mwanafunzi aliye nje ya lango

Chuo kinachotoa majarida ndani ya lango tu kimehudumia sehemu ndogo ya wasomaji wake. Wanafunzi wetu wanasoma usiku, kwa simu, kwa bando la kampuni ya simu, katika chumba cha kupanga mtaani. Wa afya na wa ualimu hukaa wiki nyingi kwenye mafunzo kwa vitendo, mbali na chuo, na hapo ndipo wanapohitaji makala kuliko wakati wowote. Simu zao hazina anwani ya chuo. Lazima chuo kiwajengee njia, na njia zenyewe ni nne.

Seva ya proksi ndiyo iliyozoeleka zaidi. Msomaji anaingia kwa jina lake na nenosiri lake la chuo, kisha seva inamwombea makala kwa mchapishaji kwa kutumia anwani ya chuo. EZproxy, iliyoanza mwaka 1999 na kuchukuliwa na OCLC mwaka 2008, ndiyo maarufu katika kundi hili. Ina ada ya kila mwaka, inataka cheti cha usalama kinachohuishwa kwa wakati, na kila rasilimali lazima iandikwe katika mipangilio yake. Mchapishaji akibadilisha anwani ya tovuti yake, na hubadilisha mara kwa mara, maandishi hayo nayo lazima yabadilishwe. Chuo kisicho na mtu wa kufanya hivyo kisinunue.

Ya pili ni utambulisho wa pamoja, ambapo mchapishaji humrudisha msomaji chuoni kwake athibitishwe, kisha akampokea. Hauhitaji anwani ya IP hata kidogo, na unafaa sana kwa simu. Lakini unahitaji orodha safi ya watumiaji. Iulizeni mitandao ya utafiti na elimu ya nchi zenu, yaani KENET kwa Kenya, TERNET kwa Tanzania na RENU kwa Uganda, ni masharti gani ya kujiunga. Ya tatu ni huduma za kulipia kama OpenAthens au MyLOFT, ambazo hubeba kazi ya kiufundi kwa niaba ya chuo. Kwa chuo kidogo kisicho na mtaalamu, ada yake inaweza kuwa ndogo kuliko hasara ya seva inayolala. Ya nne ni nenosiri la taasisi, kama linalotumika katika Research4Life, na hilo linataka uangalifu wake.

Wanaotumia Research4Life wakumbuke jambo moja linalowachanganya wanafunzi wengi. Lazima waingie kwanza kupitia lango la Research4Life, ndipo wafuate kiungo kwenda kwa mchapishaji. Mwanafunzi anayetafuta kwenye Google na kutua moja kwa moja kwa mchapishaji atadaiwa malipo, kwa sababu mchapishaji hajui ametoka wapi. Andikeni maelezo hayo kwa Kiswahili na Kiingereza, yabandikwe, yatumwe pia kwa simu.

Viungo navyo vina kosa lake. Mhadhiri anafungua makala, ananakili anwani iliyo juu ya kivinjari, anaiweka katika orodha ya masomo. Mara nyingi ile ni anwani ya kikao chake yeye, kesho imekufa. Atumie kiungo cha kudumu au DOI, na kama mna proksi, kitanguliwe na anwani ya proksi ya chuo.

Nenosiri moja kwa chuo kizima

Pingamizi nalijua: wanafunzi wanasahau manenosiri, basi ni rahisi kuliandika ubaoni au kulituma kwenye kundi la WhatsApp. Ni rahisi kwa siku chache. Nenosiri lililotumwa kwenye kundi linasafiri hadi kwa ndugu, marafiki na wahitimu wa miaka iliyopita, na halina njia ya kurudi. Likitumiwa vibaya, mchapishaji au Research4Life italifunga kwa chuo kizima, na hutajua aliyelitumia. Kama hamna budi kutumia nenosiri la pamoja, litolewe na mkutubi kwa mwenye kitambulisho, libadilishwe mwanzoni mwa kila muhula, na lisiwekwe kamwe kwenye tovuti iliyo wazi.

Akaunti za mtu mmoja mmoja ni bora, kwa sharti kwamba zinafutwa. Orodha ya watumiaji ifuate orodha ya msajili: aliyehitimu aondoke, aliyeahirisha masomo asimamishwe, mhadhiri aliyehama atolewe. Na wafundisheni kutambua ukurasa bandia. Mwezi Machi 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwafungulia mashtaka Wairani 9 kwa kuiba manenosiri ya wahadhiri katika mamia ya vyuo vikuu vya nchi nyingi. Wahadhiri walitumiwa barua pepe zilizoonekana kutoka kwa wenzao, zikawapeleka kwenye kurasa zilizofanana na kurasa za kuingilia vyuoni kwao. Akaunti ya maktaba ina thamani kwa wezi, hata ya chuo kidogo.

Mchapishaji akifunga chuo kizima

Mtu mmoja akishusha mamia ya makala kwa dakika chache, kwa kawaida kwa programu ya kushusha yenyewe, mitambo ya mchapishaji huifunga anwani ya chuo chote. Barua itakuja ikitaja anwani na saa. Msikimbilie kumtuhumu mtu. Saa zinazoandikwa na wachapishaji mara nyingi ni za GMT, nasi tuko mbele kwa saa tatu: tukio lililoandikwa 18:40 limetokea kwetu saa tatu na dakika arobaini usiku, wakati maktaba huenda imefungwa. Ukisoma 18:40 kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, utatafuta katika daftari la waliokuwamo maktaba na kumkuta mwanafunzi asiyehusika. Halafu kumbuka kwamba nyuma ya anwani moja ya umma kunaweza kuwa na kompyuta na simu mia kadhaa. Kumbukumbu za proksi au za mtandao ndizo pekee zinazoweza kutofautisha.

Kumbukumbu hizo zina mipaka yake. Zinaonyesha nani amesoma nini, na huenda mwanafunzi alikuwa anasoma kuhusu ugonjwa wake mwenyewe. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wekeni muda maalumu wa kuzitunza, watu wachache wa kuziona, na kanuni kwamba mhadhiri au mkuu wa idara hapewi kwa kuomba tu. Hapa mkutubi asiyumbe hata akiombwa na mkubwa wake.

Leseni: soma sehemu ya watumiaji

Leseni ni ndefu na huchosha, lakini sehemu ya watumiaji wanaoruhusiwa ni fupi na ndiyo yenye uzito. Tafuta majibu ya maswali haya kabla ya kusaini:

- Je, tawi la mji mwingine limo?
- Je, wahadhiri wa muda, madaktari wa hospitali ya kufundishia na wageni wanaoingia maktaba wamo?
- Kitabu kinaweza kusomwa na watu wangapi kwa pamoja?
- Usajili ukikoma, matoleo tuliyoyalipia yanabaki wazi?

Swali la tatu hupuuzwa sana. Kitabu kikinunuliwa kwa leseni ya mtu mmoja, kisha darasa la wanafunzi 80 likapewa kazi ya jioni ileile, mmoja atasoma na 79 wataamini kwamba mtandao ni mbovu. Mkutubi apate orodha ya vitabu vya lazima mwanzoni mwa muhula, na vitabu hivyo vinunuliwe kwa leseni pana hata ikibidi kuacha vingine.

Kalenda mbili zisizoonana

Usajili mwingi huanza Januari na kwisha Desemba. Mwaka wa fedha wa serikali za Tanzania, Kenya na Uganda huanza Julai. Hapo katikati ndipo vyuo hukwama: bei mpya zinakuja wakati bajeti imeshapitishwa, na malipo yanaiva Desemba wakati ofisi zinafunga. Omba ankara ya makadirio Agosti au Septemba. Kubaliana na mhasibu mapema nani anabeba kodi ya zuio na makato ya benki, kwa sababu malipo yakifika pungufu, hata kwa dola chache, kwenye vitabu vya mchapishaji ninyi hamjalipa. Vyuo vinavyoweza kununua kwa pamoja kupitia COTUL nchini Tanzania au KLISC nchini Kenya vifanye hivyo. Bei hujadiliwa mara moja kwa wote, na mkutubi anapata wenzake wa kuwauliza.

"Si waende tu Google?"

Wapo wanaosema kazi yote hii haina maana, kwa kuwa wanafunzi wanatafuta Google na kusoma wanachokuta. Nusu ya hoja yao ni kweli: kuna mengi ya halali na ya bure, kuanzia AJOL yenye majarida ya Afrika hadi DOAJ, na maktaba yenye busara huyaweka mbele kabla ya ya kulipia. Nusu nyingine haisimami. Mwanafunzi wa ufamasia anayehitaji mwongozo mpya wa tiba akikuta ukurasa wa malipo hasubiri. Anachukua nakala ya zamani iliyotupwa mtandaoni, au anapita Sci-Hub, na anaondoka akiamini chuo chake hakina kitu. Tabia hiyo ameifundishwa na mlango uliofungwa. Tatizo la Google linatibika kwa sehemu: ndani ya Google Scholar kuna mahali pa maktaba kuunganishwa, ili mtumiaji wa chuo aone kiungo cha kuingilia pembeni ya makala.

Kipimo cha hoja hii ni takwimu, na kuzipata ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Wachapishaji wanaofuata kanuni za COUNTER hutoa ripoti za matumizi zinazolinganishika. Usitazame waliosoma tu. Tazama ripoti ya TR_J2 kwa majarida na TR_B2 kwa vitabu, maana hizo huhesabu waliokataliwa. Zitakuambia kama walikataliwa kwa kuwa chuo hakina leseni, au kwa kuwa kikomo cha wasomaji kilijaa. Ukimpelekea mkuu wa chuo orodha ya vitabu vilivyokataliwa mara nyingi muhula huu, ombi lako la bajeti lina miguu. Ila tahadhari: sifuri iliyojirudia miezi mitatu kwa jarida linalofundishiwa haimaanishi halitakiwi. Kagua kwanza kama linafunguka.

Kipimo cha kila Jumatatu

Kosa likisubiri mwanafunzi aliripoti, litasubiri sana, kwa sababu wengi hawaripoti. Mteule apime mwenyewe, kwa zamu, rasilimali chache kila wiki:

1. Fungua makala kamili kutoka kompyuta ya maktaba. Ukurasa wa mwanzo hautoshi, shusha PDF.
2. Zima Wi-Fi ya chuo kwenye simu, tumia bando, fungua makala ileile kwa akaunti ya majaribio yenye haki za mwanafunzi. Usitumie akaunti ya msimamizi, maana yenyewe hupita mahali ambapo mwanafunzi anakwama.
3. Bonyeza viungo vitatu kutoka orodha za masomo za wahadhiri.
4. Soma barua pepe ya ofisi, hasa arifa za kwisha kwa usajili na za mabadiliko ya tovuti.

Kitu kikigoma, usimwandikie mchapishaji kwamba "haifunguki". Barua ya namna hiyo hujibiwa kwa maswali, na kila jibu hula siku. Tuma kwa mara moja picha ya skrini nzima, kiungo kamili, tarehe na saa ukitaja kwamba ni saa za Afrika Mashariki, anwani ya umma ya chuo siku hiyo, jina la kivinjari, na kama ulikuwa ndani au nje ya chuo. Nakala iende TEHAMA. Kisha andika tarehe katika daftari, na usipojibiwa baada ya siku tatu za kazi, mpigie wakala aliyewauzia.